Kofia Ikiwa Msumarini

Waliokuwepo ni hawa. Babu, mzaa mama yangu, amekaa ukumbi wa uani, mguu wake wa kulia kaunyoosha juu ya kigoda. Bibi, mkewe, yuko jikoni nyuma ya pazia la gunia; haonekani, lakini kusikika anasikika. Mama mdogo, kitinda mimba wao, kaolewa mwaka ule ule wa mambo haya, kaketi karibu na mlango na ungo wa mchele. Baba mdogo, mumewe, Mbondei wa milimani huko upande wa Muheza, mkata mkonge, mabega mapana na sauti ndogo. Na mimi mjukuu, meno ya mbele yameng'oka mengine hayajaota, nimekaa baina ya wanaume wawili na ubao wa bao. Mama yangu hakuwepo. Alikuwa Tanga mjini, Mabawa, kwa baba, nami nilikuwa nimeletwa Kigombe, pwani, nikae na Bibi, kama tulivyokuwa tukiletwa. Kuna na mwingine mmoja, msuka madema ya kuvulia samaki, rafiki yake Babu wa tangu utoto. Siku ninayotaka kuisema yeye hakuwa kwetu, alikuwa barazani kwake, lakini bila yeye hadithi haina mwisho.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na la mbuzi wetu pia. Siyaandiki. Baba mdogo mpaka anazikwa hakuwahi kulitamka jina la Bibi, kwa kuwa mkwe halitamki jina la mama mkwe wake. Sasa mimi niliyebebwa mgongoni na watu hawa, nianze kuwatupa majina yao karatasini? Tuwaite hivyo hivyo, kwa udugu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Babu alianguka mnazi. Alikuwa akiangua nazi zake mwenyewe, umri umeshakwenda, Bibi amemkataza, naye kapanda. Mguu ukavunjika chini ya goti. Akaletwa fundi wa kuunga mifupa, akamfunga kwa vipande vya mianzi, akamkanda kwa mafuta, akarudi tena na tena. Baadaye tabibu wa zahanati naye akaja kumtazama, akaubonyeza mguu, akasema, "Mzee, mfupa umeshika. Sasa tembea."

Babu akasema inshallah, wala hakutembea. Alitoka kitandani akafika ukumbini, alitoka ukumbini akafika chooni, basi. Bibi alimchongeshea mkongojo wa mkwaju, mzuri, una kichwa laini. Babu akaushukuru, akauegemeza ukutani, na buibui akajenga pale.

Tulidhani anaogopa maumivu. Kumbe sivyo. Nilijua siku aliyokuja yule rafiki yake msuka madema. Hao wawili kabla ya kuanguka kule walikuwa wanacheza bao kila siku baada ya alasiri, barazani kwa msuka madema, na kila siku walikuwa wanatukanana. Matusi ya bao, si ya ugomvi. Bibi alikuwa akisema sauti zao anazisikia kisimani. Basi siku hiyo rafiki akaja na changu wawili wamefungwa kwa ukindu, akaketi ukingoni mwa mkeka kama aliyekuja matangani, akasema taratibu, "Pole ndugu yangu. Mungu ni mkubwa. Usijisumbue, wewe pumzika tu." Akakaa kidogo, akaondoka kwa adabu.

Babu akamwita Bibi. "Samaki hawa wape paka."

"Samaki wazima hawa!"

"Umemsikia? Hakunitukana hata tusi moja. Tangu tukiwa watoto wa kaniki hajawahi kunisemesha hivyo. Anayetukanwa ni mtu aliye hai, Bi mkubwa. Mimi nimeshasomewa hitima."

Tangu siku hiyo akawa anasukuma sahani. Bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, chakula chake kuliko vyote, anamega mara mbili tatu, anasema ameshiba. Kisimani nikamsikia Bibi akimwambia mama mdogo, hajui kwamba nyuma ya karo nipo mimi: "Ikiingia Ramadhani baba yako hajakwenda msikitini kwa miguu yake, hatatoka tena mlango ule. Atatolewa." Mama mdogo akafunika uso kwa kanga. Mimi nikahesabu kwa vidole mwezi gani tuko, nikaona Ramadhani si mbali.

Bibi hakuwa mtu wa kulia akaishia hapo. Tulipokuwa tunarudi, mitungi kichwani, akauliza, "Mumeo si anacheza bao?"

"Anacheza, mama. Kambini kwao wanamkimbia."

"Jumapili mkonge haukatwi. Mwambie aje acheze na baba yako."

Mama mdogo akasimama njiani, maji yakamwagika begani. "Na baba? Bao? Mama, yule hata kumwangalia baba usoni hawezi!"

Na kweli hakuweza. Wasiozijua desturi zetu niwaeleze. Mkwe akija kwa wakwe zake huanzia mbali kupiga hodi, huchutama kusalimu, macho chini. Hali sahani moja na baba mkwe. Hambishii. Akiwa na neno zito la kumwambia, humwambia mtoto aliye karibu, mtoto akalifikisha, hata kama wao wawili wako umbali wa mkono. Kwa mama mkwe ndiyo zaidi: hawaonani kabisa, ndiyo maana ya lile pazia la gunia. Sasa chukua mtu huyo, mkalishe goti kwa goti na baba mkwe, mwambie amle kete na amcheke. Kwa sababu bao bila kejeli si bao. Babu mwenyewe alikuwa akisema, "Mtu anayetia mbegu mashimoni kimyakimya, huyo anapanda mahindi."

Jumapili ile ya kwanza baba mdogo akaja, kavaa kofia yake ya vito mpya na kanzu imepigwa pasi. Mikono imejaa madoa ya miba ya mkonge. Bibi alikuwa ameshatoa ubao, ule wa mti wa mfenesi uliogeuka rangi kwa kushikwashikwa, na mfuko wa kete. Kete zetu zilikuwa komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe, tunakwenda kuzichuma vichakani pwani na kurudi mikono imechanika.

Kwa msomaji asiyecheza, bao ni mistari minne ya mashimo, miwili yako, miwili yangu. Kete zako unaziingiza moja moja kutoka mkononi, unakula zangu za mstari wa mbele, unazipanda kwako. Kila upande una shimo moja la mraba, linaitwa nyumba, humo ndimo kete hukaa nyingi. Nikibaki mstari wangu wa mbele mtupu, nimefungwa. Na nikifungwa huku kete za kuingiza bado ninazo mkononi sijazimaliza, hiyo ndiyo aibu kubwa, inaitwa kufungwa mkononi. Mtu akifungwa mkononi, habari hufika mji wa pili kabla yake.

Baba mdogo akaketi upandeupande, uso kaugeuzia banda la kuku. Mchezo ukaanza.

"Mwambie baba," akaniambia, "kwa idhini yake, nakula."

"Babu, anasema kwa idhini yako anakula."

"Nimesikia. Niko hapa hapa."

"Mwambie baba aniwie radhi, nimemla tena."

"Babu, anasema umwie radhi..."

"Mke wangu mdogo, masikio ninayo mawili!" Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita, mke wangu mdogo, na Bibi akaniita mke mwenza, ndio utani wa babu na mjukuu wake wa kike. Nikacheka. Babu naye alikuwa na kitu kama tabasamu, cha kwanza kwa muda mrefu. Akashinda la kwanza. Akashinda la pili. Katika la tatu akasimamisha mkono hewani, akautazama ubao, akautazama sana.

"Hapa ulikuwa na njia mbili za kula," akasema. "Moja ya kete mbili, moja ya kete nane. Umechagua mbili."

"Mwambie baba sikuiona."

"Mwambie baba yako mdogo kwamba mtu asiyeona kete nane mbele ya pua asipewe panga la kukatia mkonge, atakata watu." Kisha hakuniambia mimi tena. "Umenipa. La kwanza umenipa, la pili umenipa. Mimi si maskini wa Ijumaa!" Akaupindua ubao. Kete zikatapakaa ua mzima, kuku wakazikimbilia wakidhani mahindi, wakazidonoa, wakaziacha wamekasirika nao.

Baba mdogo akawa anaokota, mtu mzima wa mabega yale, katambaa kwa magoti katikati ya kuku, kanzu inaburura. Nilikuwa karibu naye. Akasema, "Mimi nimemheshimu. Kosa langu nini?" Sijui alimwambia nani.

Hapo Bibi akasema kutoka nyuma ya pazia. Lakini Bibi na mkwewe hawasemezani. Basi akasema na chungu. Alikuwa nacho jikoni cha kunde, na tangu siku hiyo chungu kile kikawa mtu katika nyumba yetu.

"Wewe chungu," akasema, "nikuulize. Heshima ni nzuri?"

Akakijibia mwenyewe.

"Ni nzuri. Na chumvi ni nzuri. Mtu akikutilia chumvi kibaba kizima, utasema ni mapenzi? Sasa nisikilize, chungu. Mtu akiingia hapa na kofia kichwani, huyo mkwe wetu, tunamheshimu na yeye anatuheshimu. Lakini pale juu ya mlango pana msumari. Akiivua kofia akaitundika, ukwe nao umetundikwa. Anayebaki ni nani? Ni mgosi tu."

Mgosi kwa Kibondei na Kisambaa ni mwanamume. Bibi alilichukua neno la kwao yule kijana makusudi, asijione mgeni. Akaendelea. "Watu wawili wakiwa kwenye bao hapa kwetu, hakuna baba hakuna mwana. Mgosi na mgosi. Kofia ikirudi kichwani, wasalimiane upya kama waliokutana njiani. Au chungu unasemaje?"

Babu akasema, "Chungu chako kina maneno mengi."

"Kinakubali au hakikubali?"

Babu akakuna kidevu. "Kinakubali. Lakini na mimi nina langu. Atakayempa mwenzake bao, akateke maji. Kwa mtungi, mchana, apite barazani watu wakimwona."

Mwanamume kwenda kisimani na mtungi wa jikoni, siku zile, ilikuwa bora achapwe. Baba mdogo akautazama mtungi. Kisha akanigeukia, nami nikaona jicho lake limebadilika. "Muulize baba. Na yeye akinipa mimi je?"

Babu akatoa pumzi puani, pffu, kama punda. Huko ndiko kulikuwa kucheka kwake. "Na mimi vilevile."

Kanuni ya mwisho aliisema mama mdogo, kichwa kainamisha juu ya ungo. "Watukanane wanavyotaka. Ila mguu haumo. Atakayeutaja mguu wa baba naye akateke maji." Wote tukasema ndiyo, mguu haumo. Babu tu hakusema. Nakumbuka vizuri, alikuwa anautazama mguu wenyewe.

Basi ikawa kila Jumapili. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzitaja kanuni kabla ya kete ya kwanza, nikasimama mikono nyuma kama nilivyofundishwa darasani siku chache nilizokaa darasani: "Kofia msumarini. Mtoaji mtungini. Mguu haumo." Baba mdogo anavua kofia, anaitundika, anageuka na kuketi sawasawa, uso kwa uso. Mara ya kwanza aligeuka polepole kama mlango wenye kutu. Na kejeli zake za mwanzo zilikuwa za kusikitisha. "Mgosi, leo... leo jua kali." Babu akamwambia, "Hiyo kejeli au taarifa?"

Baba mdogo akajifunza. Ndogondogo alizitoa kinywani mwake, nzito alizipitisha kwangu, mazoea yale yalimganda. Babu naye hakumhurumia.

"Mgosi wa mlimani, bao hili ulifundishwa na nyani?"

"Nyani wa kwetu, mgosi, wangekuona unavyocheza wangekuletea ndizi za pole."

"Vidole vimechomwa na mkonge hivyo, kete utaishikaje?"

"Mwambie mgosi nyumba yake inavuja. Mwambie atandaze makuti kabla ya mvua." Na kabla sijafungua mdomo, kete za nyumba ya Babu zimeshaliwa zote.

Na Bibi kutoka nyuma ya gunia alikuwa anasikiliza mchezo kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala. Mara moja Babu alicheza harakaharaka, baba mdogo akala nyingi, Bibi akasema, "Chungu, mtu anayecheza kweli huvuta pumzi kabla ya kushika kete. Huyu hakuvuta." Babu akakana, akaapa, akatukana kunde. Lakini jioni Babu huyo alitaka kuchukua mtungi aende, ila hakwenda kwa sababu kwenda ni kutoka. Bibi akamwambia maji yapo, amesamehewa. Hakufurahi kusamehewa. Nilimwona.

Ndiyo maana nasema Bibi aliona kabla yetu. Sisi tulikuwa tunashangilia: Babu anakula, anamaliza bada, anaagiza kuongezwa mchuzi, Jumamosi ananyoa ndevu kungojea Jumapili. Mama mdogo alikuwa anatembea kama bibi harusi wa jana. Bibi siku moja kainama anapuliza moto, moshi umemjaa machoni, akakiambia chungu kweli, maana mimi tu ndiye niliyekuwepo: "Nilitaka kumpa sababu ya kutoka. Nimempa sababu ya kukaa." Mkongojo ulikuwa pale pale, buibui wake pale pale. Na watu walikuwa wameshaanza kuutazamia mwezi wa Shaabani.

Nafika sasa kwenye siku yenyewe.

Jumapili hiyo Babu alikuwa ameshinda la kwanza, tena alilishinda kihalali, na alikuwa na kiburi, kapandisha seruni, anaimba puani. Wakapanga upya. Baba mdogo akaanza kuingiza kete zake, moja, nyingine, polepole, anavuta pumzi kila mara, mpaka mama mdogo akaacha kupepeta. Kisha akaingiza moja iliyokula, ile aliyoila ikazunguka ikala nyingine, ikafika nyumbani kwake, naye akaisafirisha nyumba nzima, kete zinadondoka ta-ta-ta shimo baada ya shimo, zikala tena, zikazunguka tena. Babu alikuwa anafuata kwa kidole hewani. Mkono wa baba mdogo uliposimama, mstari wa mbele wa Babu ulikuwa mtupu, kama meno yangu. Na katika kiganja cha Babu, cha kushoto, alikuwa amekumbatia kete zake ambazo hajaziingiza.

Kafungwa mkononi. Nyumbani kwake. Na mkwe wake.

Baba mdogo alikuwa amelewa ushindi, sisemi zaidi. Alipiga kofi la paja, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, na neno likatoka: "Mgosi, mguu wako umepona! Kinachochechemea ni bao lako!"

Mama mdogo ungo ulimwanguka, mchele wote chini. Nikamwona midomo inakwenda, anasema kimoyomoyo, nimeachika, nimeachika. Kwa sababu mtu akimtukana baba mkwe wake kilema, ndoa hiyo huwa haina wa kuitetea, hata kwao milimani wangesema mrudisheni binti wa watu. Baba mdogo kicheko kilimkwama. Akaruka, mkono ukaenda moja kwa moja msumarini kuishika kofia, aivae, achutame, aombe radhi, awe mkwe tena.

"Usiiguse!" Babu akasema.

Mkono ukabaki juu.

"Kofia hiyo isitoke msumarini mpaka nirudi."

*Mpaka nirudi.* Mimi nilikuwa wa kwanza kulisikia neno hilo, kwa kuwa nilikuwa karibu. Babu alifungua kiganja, akazimwaga zile kete zilizobaki, akakishika kigoda, akasukuma, akasimama. Akaufikia mkongojo. Akaupangusa buibui kwa shuka. Akasema, si kwa hasira, kama mtu anayefikiria hesabu ngumu: "Mkononi. Mimi. Ni lazima iwe kuna dawa ya hiyo nyumba yake. Yule mzee wa madema ataijua." Akaniambia, "Mke wangu mdogo, nichukulie kigoda."

Akatoka. Mlango wa uani, kisha wa mbele, kisha njia. Anachechemea, ndiyo, tena vibaya, mguu umekakamaa kama mchi, na kila hatua anaguna. Nilimfuata na kigoda kichwani. Nilipogeuka nikaliona pazia la gunia limesogezwa, na Bibi kasimama wazi mbele ya mkwewe bila kukumbuka kujificha, kanga kaifinya mdomoni. Na baba mdogo kageukia ukuta, kafumba macho, asimwone.

Barazani kwa msuka madema walikuwepo wanaume wale wale wa kila alasiri. Walipotuona wakaacha mchezo. Msuka madema akaweka chini fito zake. Nikaogopa kwamba atasema pole, kwamba atasema Mungu ni mkubwa.

Babu akawahi. "Nimefungwa mkononi."

"Na nani?"

"Na mkwe wangu. Mbondei."

Msuka madema alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu na kurudi. Alikuwa na tambuu shavuni, akaihamisha upande wa pili. "Yule asiyeweza kukuangalia usoni?"

"Huyo."

"Basi amekufunga amefumba macho!"

Baraza zima likalipuka. Mmoja akasema wamtafute mkwe aje, amlipie na yeye madeni yake ya bao. Msuka madema hakumaliza: "Tulidhani umekufa, kumbe ulikuwa umejificha! Mguu huu huukunji?"

"Haukunjiki. Sogea huko, unyooke."

"Mguu haukunjiki, mdomo je?"

"Mdomo huo ndio niliokuja nao. Leta ubao, nikuonyeshe alivyonifunga, unionyeshe pa kuzibia." Babu akaketi, na uso wake, nawaambia, ulikuwa wa bwana harusi. Alitukanwa alasiri yote. Hakusukuma tusi hata moja.

Kule nyumbani, haya niliyasimuliwa na mama mdogo, Bibi alirudi nyuma ya pazia, akajipangusa, akakiuliza chungu: "Kanuni ni kanuni, au si kanuni?" Mguu ulikuwa haumo, nao umetajwa. Baba mdogo akauchukua mtungi.

Sisi tukamwona kutoka barazani, anakuja njiani, kichwa wazi, mtungi begani kaukumbatia kwa mikono miwili kama mtoto asiye wake, wanawake wa kisimani nyuma yake wamekufa kwa kicheko. Alipotufikia akainamisha macho, akataka kuchutama kusalimu, akakumbuka hana kofia, akanyooka, akachutama nusu. Maskini, hakujua yeye ni nani.

"Nani yule?" msuka madema akauliza, anamjua fika.

Babu hakunyanyua uso kwenye ubao. "Mgosi mmoja tu. Simjui. Lakini anateka maji vizuri."

Nikamwona baba mdogo anavyopita, mgongo umelainika, na maji yakawa yanamwagika kwa sababu alikuwa anacheka.

Tulirudi nyumbani kabla ya magharibi. Babu alijipumzisha mara mbili njiani, mara zote alisingizia kwamba ananisubiri mimi. Mama mdogo alikuwa mlangoni, macho mekundu. Baba mdogo kasimama uani pale pale, nadhani hakuwa ameketi tangu aliporudi na maji. Babu akanyanyua mkongojo, akaiangua kofia kutoka msumarini kwa ncha yake, ikamwangukia mkononi, akaikung'uta vumbi, akampa.

Baba mdogo akaivaa. Akachutama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko kwenu?"

"Hatujambo, baba."

"Jumapili nitakuwa na dawa yako." Akaingia ndani kula.

Ramadhani ilipoandama, Babu alikwenda tarawehi kwa miguu yake, katikati ya msuka madema na mkwewe, na ule mkongojo. Alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake, akatukanwa mpaka mwisho wa maisha yake. Ubao ninao mimi, hapa Nguvumali, Tanga mjini. Msumari ulibaki Kigombe kwenye nyumba iliyoanguka.

Sasa liko jambo moja. Mama mdogo, mpaka alipokufa, alishikilia kwamba lile neno la mguu mumewe hakulisema kwa Babu. Alidai kwamba aliniambia mimi, "Mwambie mgosi," kama alivyozoea kwa kejeli nzito, na kwamba aliyelitamka mbele ya Babu ni mimi, kwa sauti yangu ya mapengo. Na mjukuu kumtania babu yake si kosa, kwa hiyo mumewe aliteka maji bure. Mimi nalikumbuka likitoka kinywani mwa baba mdogo, na kofi la paja nalikumbuka. Lakini mama mdogo alikuwa mkubwa kuliko mimi, na alikuwa anatazama vizuri kwa sababu ndoa ilikuwa yake. Wenyewe wote wameshatangulia. Ikiwa yuko mtu wa Kigombe aliyesimuliwa na wazee wake vingine, au hata kwamba kofia haikuwa ya vito, au chungu kilikuwa cha mbaazi na si cha kunde, tafadhali anisahihishe, nami sitakasirika. Aje alasiri, ubao upo. Msumari nimegongelea mwingine.